Kinanda Nilichopewa Bure

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani na mpiga kodiani. Kazi ya kwanza ilimlisha. Ya pili ndiyo watu wa Malindi waliyomjulia. Mchana alishona kanzu barazani kwake, nyuma ya msikiti mdogo, cherehani yake ikitazama njia ili asikose kuitikia salamu ya mpita njia. Palipokuwa na harusi aliishusha kodiani kutoka juu ya kabati, akaivaa kifuani kwa mikanda yake miwili, akalegeza mabega, na kabla hajabonyeza chochote aliivuta mara moja, tupu, ikashusha pumzi kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila chombo cha muziki lazima kiamshwe hivyo.

Yeye ndiye aliyenilea. Baba alikufa sijaanza kusema, mama akaolewa Kilifi na mtu mwenye watoto wake sita, na mjomba, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto, akaenda kunichukua. Mkewe, ambaye nilimwita mkaza mjomba, alikuwa mwanamke wa visiwani, mrefu, mchache wa maneno. Alinilisha na kunivisha kama mwanawe, akanichapa kama mwanawe pia.

Mjomba alijaribu kunifundisha kodiani kwa miaka miwili, kisha akakata tamaa.

"Vidole vyako vinajua njia," aliniambia. "Huo mkono wa kushoto ndio hauna subira. Unauvuta huu mfuko kama unakimbizwa."

Ilikuwa kweli. Nilipenda sauti, lakini sikupenda kazi ya kuitoa.

Mwanzo wa miaka ya themanini nilipata kibarua Watamu, katika hoteli moja ya pwani, kufua mashuka. Hoteli ile ilikuwa na Mtaliano mmoja mwembamba aliyewapigia wageni muziki wakati wa kiamshahamu, vile vinywaji vya kabla ya chakula cha jioni, jua likiwa bado halijazama. Alikuwa na kinanda cha umeme, cheusi, kifupi kuliko meza ya kulia, chenye safu ya vifungo vya kuzungusha kama vya redio. Nilikuwa nikipeleka vitambaa vya meza nikisimama kidogo kusikiliza. Kile kinanda kililia filimbi, mara kikalia fidla, mara kikatoa sauti ambayo haikuwa ya chombo chochote nilichopata kukiona. Mtu mmoja, mikono miwili, na ukifumba macho ungeapa wako wanne.

Mtaliano aliona ninavyosimama. Siku moja aliniashiria nikae, nikabonyeza. Tangu hapo nilikuwa nikimaliza mashuka mapema makusudi nipate robo saa.

Mkataba wake ulipokwisha alipanga mizigo yake kurudi kwao, na kinanda hakikupangwa. Hewa ya chumvi ilikuwa imeua vibao viwili, kimoja cheupe na kimoja cheusi, na uzito wake ungemgharimu kwenye ndege. Aliniita dobini mbele ya wenzangu.

"Wewe chukua," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni.

"Bei gani?"

"Bure. Bure kabisa."

Wenzangu wa dobini walicheka, mmoja akasema labda kina shetani. Mimi nilikifunga katika shuka lililochakaa, nikakipakata hadi Malindi.

Mkaza mjomba alikitazama kilipokuwa juu ya mkeka.

"Nani kakupa?"

"Mtaliano wa hotelini."

"Kwa sababu gani?"

"Hakitaki tena."

Alikizunguka mara moja bila kukigusa. "Cha bure hakiji peke yake," akasema, akarudi jikoni. Mjomba naye aliacha kanzu ya watu katikati ya mshono, akaja akachutama, akabonyeza kibao kimoja kwa kidole cha shahada. Kililia fidla. Akaondoa kidole upesi, kisha akakirudisha, akacheka peke yake.

Nataka nieleze kinanda kile kilivyokuwa, maana siku hizi mjukuu wangu anazo sauti mia tatu ndani ya kompyuta, amezipata bila kulipa chochote, anazichagua kama mtu anayechagua pipi. Kile changu kilikuja na sauti chache zilizokwisha tayarishwa. Nyingine zote ulizitengeneza mwenyewe kwa vile vifungo: sauti ianze ghafla au ipande polepole, ikae wima au itetemeke, ikiachwa ife mara moja au ivutike nyuma kama mkia. Ukizungusha viwili pamoja, kitu kipya kabisa kilitokea. Wala hakikuwa na kumbukumbu. Ukikizima, ulichokitengeneza kimepotea. Kwa hiyo nilinunua daftari la shule, na kwa kila sauti niliyoipenda nilichora miduara, nikaweka mshale ndani ya kila mduara kuonyesha kifungo kimeelekea wapi.

Nilizipenda zile alasiri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kukifanya. Siwezi kusema uongo juu ya hilo.

Ijumaa moja, baada ya swala, nilimwambia mjomba, "Nataka nitengeneze kodiani."

"Ndani ya hicho?"

"Ndani ya hiki."

Angeweza kusema hapana. Badala yake alipanda kiti, akaishusha kodiani yake, akakaa mbele yangu. Alivuta noti moja, akaishikilia. Mimi nikazungusha vifungo.

"Kali mno," alisema. "Hiyo ni kengele."

Nikazungusha.

"Sasa imekuwa kama nzi chupani."

Tulifanya hivyo Ijumaa nne au tano. Alinifundisha mambo ya kodiani ambayo hakuyasema nilipokuwa mwanafunzi wake. Alinionyesha kwamba kila sauti ndani yake ni mbili, vipande viwili vya chuma visivyokubaliana sawasawa, na kule kutokukubaliana kudogo ndiko kunakofanya ile sauti ilie. Kinanda nacho kilikuwa na sauti mbili ndani. Nikazipishanisha kwa unywele, na mjomba akainua mkono.

"Hapo. Usiguse tena. Hapo."

Alicheza ubeti mmoja wa harusi, nami nikaurudia. Mkaza mjomba akatokea mlangoni na kijiko mkononi kuuliza kwa nini tunarudia rudia kile kile. Hakujua kwamba alikuwa amesikia vyombo viwili. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Nilichora miduara yangu daftarini, yeye akaandika juu ya ukurasa kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu, jina la ile sauti: *kodiani*.

Kikundi alichopigia mjomba kilikuwa cha watu watano. Mkuu wake alikuwa muuza vitambaa mwenye duka sokoni; yeye alipiga udi, na amplifaya, spika na maikrofoni vilikuwa mali yake. Palikuwa na mpiga fidla, mpiga dumbaki, mwimbaji wa kike ambaye sauti yake ilijulikana mpaka Kilifi, na mjomba. Niliitwa na kinanda changu kwa harusi moja, kwa majaribio. Wanawake walimwacha mwimbaji wao wakaja kukitazama kinanda. Tangu siku ile kila aliyekuja dukani kuweka siku ya harusi aliuliza, "Na kile kinanda kitakuwepo?"

Mpiga fidla aliondoka wa kwanza. Alikwenda Mombasa, akasema ana jamaa huko. Sauti ya fidla nilikuwa nayo kwenye ukurasa wa tatu wa daftari, na hakuna aliyeuliza habari zake tena.

Kisha siku moja mkuu alikuja barazani kwa mjomba. Nilikuwa hapo, nimekaa kwenye ngazi. Alisifia kanzu iliyokuwa ikishonwa, akauliza hali ya mkaza mjomba, akanywa kahawa mpaka kwenye machicha. Ndipo akasema:

"Sheikh, wewe umechoka. Lile dude ni zito, na mgongo wako si ule wa zamani. Kijana anayo sauti yake ndani ya kinanda. Kwa nini ujitese?"

Mjomba aliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani. "Nami nifanye nini?"

"Utaitikia. Sauti unayo. Utashika maikrofoni umsaidie mwimbaji kwenye kiitikio. Heshima yako iko pale pale."

Mjomba akanitazama. Sikuwa na haja ya kusema neno kubwa. Ningesema tu kwamba sauti ile si sawa, kwamba hainigeukii mkononi kama kodiani ya kweli, na mkuu angerudi dukani kwake. Wala isingekuwa uongo. Niliinama nikatazama kandambili zangu.

"Haya," mjomba akasema. "Nitaitikia."

Kodiani ilirudi juu ya kabati, safari hii ikafunikwa kitambaa.

Alikuwa mwitikiaji mbaya. Sauti yake haikuwa mbaya, ila hakujua aweke wapi mikono. Maisha yake yote alisimama mbele ya watu akiwa amekumbatia kitu, na sasa alisimama na maikrofoni mkono mmoja, mkono wa pili ukipapasa hewa mpaka ukapata cha kushika: ukingo wa kiti, mkanda wake mwenyewe, mlingoti. Nilikuwa namwona kutoka nyuma ya kinanda. Niliona pia kwamba nikicheza ile sauti ya kodiani, vidole vyake vya kulia vilikuwa vikibonyeza juu ya paja.

Sasa nifikie ule waya.

Amplifaya ya mkuu ilikuwa na uvumi. Tangu tulipoanza kuunganisha kinanda, ilivuma chini chini kama mzinga wa nyuki, na palipokuwa na kituo katikati ya wimbo, ule uvumi ndio uliosikika. Ulimuudhi mkuu. Mwimbaji alisema unamtoa kwenye sauti. Mimi ndiye niliyeitwa fundi, kwa kuwa nilikuwa na kitu cha umeme, na kwa kuwa pale hotelini nilikuwa nimemwona fundi wa kweli mara mbili tatu akifungua plagi. Nikafungua ile ya amplifaya. Ndani mlikuwa na nyaya tatu. Nilijaribu hivi na hivi, nikagundua kwamba ule wa tatu, wa kijani, nikiuondoa, amplifaya inafanya kazi vile vile na uvumi unakatika kabisa. Niliukata kwa mkasi wa mjomba wa cherehani, nikaukunja nyuma, nikafunga plagi.

Kimya kile kilikuwa kizuri. Mkuu alinishika bega mbele ya watu wote.

Sikujua ule waya ni wa nini. Sikuuliza. Yule fundi wa hotelini nilikuwa nikipishana naye kila asubuhi, tena mtu mwema, Mkristo wa bara, aliyependa kueleza mambo. Ingenichukua dakika moja kumuuliza.

Harusi ilikuwa ng'ambo ya mto, kaskazini ya Sabaki, kijijini ambako umeme ulikuwa haujafika. Wenyewe walikodi jenereta. Walitaka mambo yaanze alasiri yamalizike kabla ya magharibi, kwa ajili ya wageni waliotoka mbali. Asubuhi ilikuwa imenyesha mvua kubwa. Tulipofika, ua ulikuwa tope jekundu, wakalitandika makuti na juu yake mikeka, na mikeka ikanywa maji. Turubai lilikuwa limeinuliwa kwa milingoti ya chuma. Watu walivua viatu kwa sababu ya mikeka. Sisi pia tulivua.

Niliunganisha kila kitu mwenyewe. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa kodiani, kwa kuwa bibi harusi alitaka wimbo wa zamani kwanza, nikapanga vifungo kimoja kimoja. Mpiga dumbaki alianza. Mwimbaji akaimba ubeti. Kikafika kiitikio, mjomba akasogea mbele, akashika maikrofoni kwa mkono wa kushoto, na kama kawaida yake mkono wa kulia ukaenda kutafuta cha kushika. Ukashika mlingoti.

Alifungua kinywa. Alisimama wima sana, kidevu juu, shingo imekaza mishipa. Nilidhani anaimba. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilidhani leo mjomba ameamua kuimba kweli, na nikamfuata. Nikacheza ile sauti yake kwa nguvu zaidi ili kumpa moyo. Sijui ni muda gani. Nakumbuka nilimaliza mstari mzima na kuanza wa pili.

Mwimbaji ndiye aliyejua. Alikuwa karibu naye, akasikia kwamba hakuna sauti inayotoka. Alimshika kanzu, akarushwa nyuma, akaanguka juu ya wanawake. Ndipo mpiga dumbaki akavuka ua mbio, akaung'oa waya wetu kutoka kwenye jenereta. Kinanda kikafa chini ya vidole vyangu. Mjomba akaanguka kama nguo iliyochomoka kambani.

Alikuwa hai. Maikrofoni ilikuwa bado mkononi, na mtu mmoja ikambidi afungue vidole kimoja baada ya kimoja. Harufu ile sitaieleza. Walimlaza nyuma ya gari la kupakia matofali, kichwa chake juu ya paja langu, na njia nzima mpaka hospitali Malindi alitazama turubai la gari bila kupepesa. Kwenye daraja aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wimbo ulikwisha. Nikamwambia ulikwisha.

Alikaa hospitalini wiki nyingi. Walimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, na vitatu vilivyobaki vikajikunja kuelekea kiganjani, vikakataa kunyooka. Mkono wa kulia uliachwa na kovu tu. Lakini mtu hashoni kwa mkono mmoja. Kitambaa kinaongozwa na mkono wa kushoto. Wa kulia ni wa gurudumu. Alijaribu. Mkaza mjomba alikaa upande wake wa kushoto, akakisukuma kitambaa kwa vidole vyake chini ya sindano huku mumewe akizungusha, na walishona hivyo kanzu moja kwa siku sita, na mwenyewe alipokuja kuichukua alishukuru, na hakurudi tena. Mwisho mkaza mjomba akaanza kupika mahamri ya kuuza asubuhi, na barazani pakawekwa meza ya mahamri pale cherehani ilipokuwa.

Watu walisema ni kudura ya Mungu. Mkuu alisema hivyo, na imamu, na majirani waliokuja kumjulia hali. Baadhi walilaumu jenereta, wengine mvua. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimekwisha kumuuliza yule fundi wa hotelini; safari hii niliuliza. Nilimwuliza kama mtu anayeuliza habari za rafiki yake. Alinieleza pole pole, akachora kwenye mchanga kwa kijiti.

"Ule wa kijani ndio njia ya umeme kwenda ardhini ukipotea," alisema. "Ukiukata, umeme utatafuta njia nyingine. Utatafuta mtu."

Kisha akanitazama. "Huyo rafiki yako ameukata?"

"Nitamwambia asiukate," nikasema.

Nilikaa na neno lile kama miezi saba. Nilikula sahani moja na mjomba, nikimkatia nyama. Siku moja, asubuhi, mkaza mjomba akiwa uani anaanua nguo, nilimwambia mjomba. Nilimweleza plagi, nyaya tatu, mkasi wake. Alisikiliza akiwa ameweka ule mkono juu ya goti, kiganja juu, vile vidole vitatu vimejikunja kama vimeshika kikombe kisichokuwepo.

Nilisubiri anifukuze, au anisamehe, nami nilikuwa tayari kwa lolote katika hayo mawili.

"Na ule uvumi ulikatika?" akauliza.

"Ulikatika."

"Basi," akasema.

Hakuongeza. Hakupata kuongeza mpaka anakufa. Nimeligeuza neno lile miaka yote hii na bado sijui lilikuwa mlango uliofunguliwa au uliofungwa.

Mkaza mjomba alikuwa amesimama nyuma ya pazia na nguo mikononi. Alipita kati yetu, akaziweka kitandani, akaanza kuzikunja. Usiku huo chakula changu kiliwekwa kwenye sahani ya peke yake. Hakunitukana. Hakusema neno kwa mkuu wala kwa jirani yeyote. Aliacha tu kunisemesha, na kwake yeye, aliyekuwa na maneno machache, hilo lilikuwa ni kuyachukua yote. Baada ya mwezi nikapanga chumba upande wa pili wa mji.

Ningependa kuandika kwamba nilikitupa kinanda. Sikukitupa. Nilikiacha chini ya kitanda labda miezi mitatu, kisha mkuu akanitumia mtu, nami nikaenda. Niliunganisha plagi mpya yenye nyaya zake tatu, na ule uvumi ukarudi, na mkuu akalalamika, nikamwambia atazoea au atafute mtu mwingine. Nilipiga kwa miaka mingine mitatu. Sauti ya kodiani sikuipiga. Watu waliiomba, nami nikawaambia imeharibika. Lakini siku moja, mchana, nimefunga mlango wa chumba changu, nilifungua daftari nikaipanga tena, kifungo kwa kifungo, nikabonyeza kibao kimoja, nikakaa nacho. Ilikuwa yeye mtupu. Nikazima.

Hewa ya bahari ilikila kile kinanda kibao baada ya kibao. Ilipobaki sauti upande wa kushoto tu, mkuu alikuwa amekwisha nunua kingine kipya, chenye kumbukumbu, ambacho hakikuhitaji daftari. Nilirudi kufua mashuka kwa siku zote saba.

Mjomba alikufa mwisho wa miaka ile ya themanini, wakati wa joto, kwa homa ya siku nne. Niliarifiwa na mtoto wa jirani. Nilipofika, nyumba ilikuwa imejaa, wanawake ndani, wanaume barazani. Nilikaa kwenye ngazi pamoja na wengine. Sikujua kama nina haki ya kuingia.

Mkaza mjomba alitoka mpaka mlangoni, kichwa kimefunikwa. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Alitupa macho juu ya wale wanaume wote mpaka akaniona.

"Wewe," akasema. "Anaoshwa. Ingia umwoshe. Hana mwana mwingine."

Ilikuwa sauti ya kwanza kuisikia kutoka kwake kwa miaka mitano.

Tulikuwa watatu ndani: mwoshaji, ndugu mmoja wa mbali wa mjomba, na mimi. Mwoshaji alimwaga maji na kutuelekeza. Kulia kwanza, kisha kushoto. Nilipofika kwenye ule mkono nilijaribu kuingiza maji kati ya vidole na kiganja, maana maji lazima yafike kila mahali, na vile vidole vitatu havikukubali kufunguka. Nikavuta. Nikavuta tena.

"Usiulazimishe," mwoshaji alisema kwa upole. "Mimina tu. Yatapita."

Nilimimina. Niliushika ule mkono kwa chini, nikamimina kidogo kidogo kutoka juu, na maji yakaingia mle yalimoweza kuingia, yakatoka upande wa pili. Nilifanya hivyo mara tatu kama inavyotakiwa. Kisha tukamkausha, tukamvika sanda, na nikashika upande wa kichwa tulipomtoa.